Jinsi ya kucheki rekodi za jinai za wajumbe wa bodi na meneja wa HOA bila kumuonea jirani

Watu wetu wengi huku Marekani sasa wananunua nyumba, Fort Worth, Houston, Columbus, Minneapolis, kila siku unasikia fulani kapata funguo, na nyumba nyingi mpya zinakuja na HOA upende usipende, yaani chama cha wenye nyumba ambacho unakuwa mwanachama siku unayosaini karatasi za kununua. Unalipa ada, bodi inachaguliwa na majirani, bodi inaajiri meneja au kampuni ya kusimamia, na wao ndo wanaoshika hela. Piga hesabu tu, mtaa wa nyumba 200 kila moja ikilipa dola 60 kwa mwezi hiyo ni dola 144,000 kwa mwaka, na kwa kawaida wanaoigusa ni watu watatu wanne ambao wengi wetu hatujui hata jina lao la pili.

Mimi ni katibu wa bodi ya mtaa wetu hapa Texas, mwaka wa nne huu. Naandika kwa sababu naulizwa sana hili swali, tunamcheki vipi mtu kabla hatujamkabidhi hela, na nimeona watu wakikosea pande zote mbili. Wapo wasiocheki kabisa eti ni jirani yetu tunasali naye, na wapo wanaocheki kwa kukimbilia mtandaoni, wanalipia tovuti ya dola ishirini, wanaona jina linafanana, kesho yake mtaa mzima unajua fulani alifungwa. Hili la pili linaniuma zaidi kwa sababu linawapiga watu wetu kuliko wengine, nitaeleza mbele.

Kwanza elewa kwamba hakuna sheria moja ya nchi nzima kuhusu nani akae kwenye bodi ya HOA, kila jimbo lina yake, kwa hiyo usichukue fomu ya rafiki yako wa Florida ukaitumia Texas.

Hapa Texas kifungu kinachohusika kipo kwenye Property Code, namba 209.00591. Kinasema hivi kwa maneno ya kawaida: bodi ikiletewa ushahidi wa maandishi kutoka kwenye kumbukumbu za chombo cha serikali kinachosimamia sheria, unaoonyesha mjumbe alitiwa hatiani kwa feloni, yaani kosa kubwa la jinai, au kwa kosa la uovu wa tabia kama wizi na utapeli, na hukumu yenyewe haijapita miaka 20, basi huyo mjumbe anapoteza nafasi hapohapo na haruhusiwi kurudi tena. Soma tena hapo kwenye ushahidi. Umesemwa wa serikali. Karatasi uliyoprinti kwenye tovuti ya kulipia haitoshi, hata kama inasema kweli. Na kifungu hichohicho kinasema katiba ya HOA ikiweka masharti mengine ya kumzuia mwenye nyumba kugombea, nje ya yale sheria yenyewe inayoruhusu, masharti hayo ni batili. Kwa hiyo ile tabia ya bodi kukaa usiku na kujitungia kwamba aliyewahi kukamatwa amelewa asigombee, huku Texas haina nguvu, mkimzuia mtu kwa hilo akiwapeleka mahakamani mtalipa kwa hela za majirani.

Florida wao wamekaza zaidi. Mtu aliyetiwa hatiani kwa feloni hawezi kugombea bodi mpaka haki zake za uraia ziwe zimerudishwa kwa angalau miaka 5. Alafu kuna kesi ya The Hammocks kule Miami-Dade, HOA kubwa sana, Novemba 2022 viongozi wa bodi walikamatwa wakituhumiwa kuchota zaidi ya dola milioni 2 za chama, majirani walikuwa wanalalamika ada zinapanda na hesabu hawaonyeshwi. Baada ya hapo zikaja sheria mpya 2023 na 2024, sasa kiongozi akishtakiwa tu rasmi kwa kuiba hela za chama au kughushi kura anatolewa kwenye nafasi wakati kesi inaendelea, na akionekana hana hatia muda wake ukiwa bado haujaisha anarudi. California nao wana njia yao ambayo mimi naiona ina akili, HOA inaweza kumkataa mgombea kama hukumu yake ya zamani ingefanya chama kikose ile bima ya kufidia hela zikiibiwa, au bima iliyopo ikatishwe. Yaani swali linakuwa la hela, halihusu kama tunampenda au hatumpendi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla hujamgusa mtu, ni kukaa na katiba ya HOA yenu pamoja na sheria ya jimbo, na ikiwezekana mlipeni mwanasheria wa mambo ya HOA saa moja tu awaambie mnaruhusiwa nini. Saa moja ya mwanasheria ni rahisi kuliko kesi. Alafu mnaandika utaratibu wa ukurasa mmoja: nani anachekiwa, makosa gani yanahesabika, miaka mingapi nyuma, nani anasoma ripoti. Mnaupitisha kwenye kikao cha wazi KABLA ya jina la mgombea yeyote kujulikana. Mkisubiri mpaka mmeshamuona mgombea msiyempenda ndo mnatunga utaratibu, kila mtu atajua mmemtungia yeye.

Na kila anayegombea achekiwe sawasawa. Msianze kumcheki Mkongo na Msomali tu huku Bwana Smith aliyekaa bodi miaka kumi anapita bila kuguswa, huo ni ubaguzi na sheria inaujua kwa jina hilo.

Sasa kucheki kwenyewe. Kwetu nyumbani ukitaka kujua mtu ana rekodi unamwambia akalete cheti cha tabia njema kutoka polisi, anapigwa alama za vidole, basi. Huku hakuna karatasi moja ya hivo ambayo jirani anaweza kumuombea jirani. FBI wanayo rekodi ya alama za vidole, na mtu mwenyewe anaweza kuomba yake kwa dola 18, lakini wewe HOA huwezi kwenda kumuombea fulani. Kwa hiyo zinabaki njia mbili na mimi nashauri mzitumie zote.

Njia ya kwanza ni kampuni ya ripoti, zile zinazofanya kazi hii kwa waajiri. Hapo unaingia kwenye sheria ya shirikisho ya tangu 1970 inayosimamia ripoti za watu, inaitwa FCRA, na masharti yake sio ya kuchezea. Unampa mtu karatasi inayosema wazi kwamba tutachukua ripoti yako, karatasi hiyo iwe peke yake, isichanganywe na fomu ya kugombea wala maneno ya kuwaondolea nyie lawama, alafu anasaini kukubali. Watu wengi wanakosea hapa, wanabandika kasentensi kamoja chini ya fomu ya maombi wanaona wamemaliza. Mjumbe wa bodi ni wa kujitolea hana mshahara na utasikia watu wanabishana kama sheria inamhusu, nyie mfanyieni kama mnavyomfanyia mwajiriwa, hamtakosea.

Njia ya pili ni kumbukumbu za mahakama zenyewe, ambazo ni za wazi. Hapa Texas idara ya usalama wa umma, DPS, ina sehemu onlaini ambapo mtu yeyote anafungua akaunti, analipa kidogo kwa kila jina, anaona hukumu. Minnesota rekodi za hukumu za wazi unazitafuta onlaini kupitia BCA, idara ya jimbo ya uchunguzi wa jinai. Kesi za shirikisho kama utapeli wa benki au kodi hazipo kwenye kaunti, hizo unazitafuta kwenye PACER, mfumo wa onlaini wa mahakama za shirikisho, wanatoza senti 10 kwa ukurasa na ukitumia dola 30 au chini ndani ya miezi mitatu hawakudai kitu, kwa hiyo HOA ndogo inaweza kucheki wagombea wote bure. Alafu karani wa mahakama wa kila kaunti aliyoishi mtu miaka saba iliyopita, na hapo usiangalie jinai peke yake, angalia na madai. Mtu anaweza asiwe na kosa hata moja la jinai ila ana kesi tatu za madai alizoshtakiwa na vyama vingine kwa hela zisizoonekana, na kwa kazi ya mweka hazina hiyo inakuambia mengi kuliko ugomvi wa baa wa 2009.

Zile tovuti zinazojitangaza zinatafuta nchi nzima kwa sekunde, jamani, zinakusanya vipande. Kuna kaunti hazimo, kuna kesi zilifutwa bado zinaonekana, kuna majina yamechanganywa. Ukiona kitu huko kichukue kama fununu tu, nenda kwa karani ukaone faili.

Hapo kwenye majina ndo nataka kukaa kidogo.

Miaka miwili iliyopita mzee mmoja Mkongo mtaani kwetu aligombea bodi, mtu mtulivu, amekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, mahesabu anayajua sana kwa sababu alikuwa mwalimu. Ripoti ikarudi ina feloni, wizi wa kadi za benki, Florida. Jina la kwanza lilelile, jina la mwisho lilelile, tarehe ya kuzaliwa ileile. Wenzangu wawili kwenye bodi walishasema basi huyo. Mimi nikaomba tuisome pamoja, tukaangalia tarehe: 1 Januari. Sasa sisi tunaojua watu wetu tunajua hii, wakimbizi wengi ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa waliandikiwa 1 Januari kwenye makaratasi, unakuta ukoo mzima birthday moja. Ukichanganya na majina ambayo yamekaa watu elfu, na jina la katikati ambalo karani kaliruka, kompyuta inakuta tarehe sawa inasema ni yeye. Nikampigia, nikamwambia mzee shikamoo, kuna jambo la ripoti naomba tuliongee uso kwa uso. Alivoona karatasi alinyamaza kwanza, alafu akasema, "Mwanangu, Florida mimi sijawahi kufika hata kwa ndege." Faili la mahakama tulipolipata mtuhumiwa alikuwa na urefu tofauti, na mwaka wa ile kesi mzee alikuwa bado yuko Kigoma anasubiri usaili wa safari. Alipinga ripoti kwa maandishi, kampuni ina siku 30 za kuchunguza, wakaifuta.

Kwa hiyo kabla hamjaamini kitu linganisheni angalau vitu vitatu vinne: jina kamili lenye majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, anwani za zamani, na kitu kingine kama namba za mwisho za hifadhi ya jamii ambazo yeye mwenyewe amewapa kampuni. Kwenye fomu wekeni nafasi ya kuandika namna zote jina lake limewahi kuandikwa, maana kwetu Juma Hamisi wa Dodoma akifika huku anaweza kuwa Hamisi Juma kwenye leseni na Juma H. kwenye benki. Na tarehe ya 1 Januari mkiiona kwa mtu aliyekuja kama mkimbizi ihesabuni kama haipo.

Kusoma ripoti nako kuna maneno ya kujua. Kukamatwa sio kutiwa hatiani, narudia, kukamatwa sio kutiwa hatiani. Kesi iliyofutwa sio hukumu. Texas kuna kitu ambapo mtu anakubali kosa lakini hakimu anaahirisha kumtia hatiani, anamweka chini ya uangalizi, akimaliza vizuri kesi inafutwa, na hiyo kwa mambo mengi haihesabiwi kama hukumu ingawa kwenye rekodi unaiona, hapo usijiamulie, muulize mwanasheria. Alafu pimeni vitu vitatu ambavyo tume ya shirikisho ya ajira, EEOC, inawaambia waajiri wapime: kosa lenyewe ni la aina gani na uzito gani, limepita muda gani, na linahusiana vipi na kazi anayokwenda kufanya. Mtu aliyefungwa kwa bangi 2004 na leo ana familia na biashara, kumnyima ukatibu sioni sababu. Mtu aliyeghushi hundi za mwajiri wake miaka sita iliyopita, kumpa uweka hazina ni kumtafutia majaribu na kuwatafutia majirani hasara.

Mkielekea kumkataa mtu kwa sababu ya ripoti ya kampuni, msimkatae kimyakimya. Mpeni kwanza nakala ya ripoti na ile karatasi ya haki zake, mwacheni siku kadhaa aisome na ajibu, siku tano za kazi ni kawaida, ndipo mtoe barua ya mwisho yenye jina la kampuni iliyotoa ripoti na maelezo kwamba kampuni sio iliyoamua na kwamba ana haki ya kupinga. Hatua hii ndo iliyomuokoa yule mzee.

Meneja ni habari nyingine kidogo. Florida meneja wa HOA yenye nyumba zaidi ya 10 au bajeti inayozidi dola 100,000 lazima awe na leseni ya jimbo, na kuipata anapigwa alama za vidole na anachunguzwa, kwa hiyo mnaangalia leseni yake kwenye tovuti ya DBPR, idara ya jimbo inayotoa leseni, kama iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Nevada nako lazima awe na cheti. Texas hakuna leseni ya hivo kabisa, mtu yeyote anaweza kufungua kampuni leo akaanza kusimamia hela zenu kesho, mzigo wote wa kumchunguza uko kwenu. Kilichopo ni tovuti ya hoa.texas.gov ambapo HOA zinatakiwa kuwasilisha cheti cha usimamizi, humo unaweza kuona kampuni fulani inasimamia mitaa gani, alafu unapiga simu kwa bodi za mitaa hiyo. Na ulizeni hasa mitaa ILIYOMUACHA, maana hao ndo wenye habari. Hesabu za benki mlikuwa mnazipata mwenyewe au mpaka muombe? Alipoondoka alikabidhi faili baada ya muda gani?

Kampuni ikiwa ndo mwajiri, nyie hamuhitaji kuziona ripoti za wafanyakazi wake na ni bora msizione. Wekeni kwenye mkataba kwamba kila atakayegusa akaunti yenu amechekiwa kabla ya kupewa kazi, kwamba akibadilishwa mtu mnaambiwa, na kwamba kila mwaka wanawapa barua ya kuthibitisha. Alafu dai la bima: kampuni iwe na bima ya wizi wa wafanyakazi na HOA yenu itajwe humo, na nyie HOA muwe na yenu inayofikia kiasi chote kinachoweza kuwa kwenye akaunti siku yoyote, akiba ikiwemo. Nimeona mitaa yenye akiba ya dola 300,000 na bima ya 50,000.

Ripoti asome nani? Sio bodi nzima. Sisi siku hizi tunawapa watu wawili, mwanasheria na mjumbe mmoja ambaye hagombei mwaka huo, wao wanaleta jibu moja tu, anakidhi au hakidhi. Ripoti haiingii kwenye imeili ya kundi, haipigwi picha, na kwenye WhatsApp ya mtaa hairuhusiwi hata kudokezwa. Muda wa kuitunza ukiisha inachanwa na mashine, sheria inataka iharibiwe kiasi kwamba mtu hawezi kuisoma tena. Mjumbe akitoa siri akasema fulani alifungwa na kumbe sio yeye, hapo ni kesi ya kumchafulia mtu jina.

Na sasa jambo ambalo bila hilo yote hayo hapo juu yanakuwa nusu kazi. Kule Las Vegas kati ya 2003 na 2009 mkandarasi Leon Benzer na wenzake walinunua nyumba kwa majina ya watu wa kupachika, wakawagombesha bodi, wakachakachua uchaguzi, bodi zikiwa mikononi mwao zinampa yeye kazi za ukarabati, HOA 11 zikaguswa, 2015 akahukumiwa zaidi ya miaka 15. Kwenye mtandao ule walikuwemo wanasheria na mtu aliyewahi kuwa polisi. Watu kama hao ukiwacheki wanaweza kupita bila doa, maana cheki inakuonyesha aliyeshikwa zamani tu.

Ndo maana mimi kila nikiongea na bodi mpya nawaambia wakumbuke sanduku la kikoba. Mama zetu walikuwa wanajuana tangu utotoni, hakuna aliyekuwa mwizi, na bado sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hapa kufuli ni hizi: malipo yoyote makubwa yaidhinishwe na watu wawili wa bodi ndani ya benki yenyewe, meneja asiwe mmoja wao. Akaunti ya akiba meneja aione lakini asiweze kutoa. Taarifa ya benki ije kila mwezi moja kwa moja kutoka benki kwa mweka hazina na kwa mjumbe mwingine mmoja, isipitie kwa meneja, maana mtu anayeiba kwa kawaida huanza kwa kutengeneza taarifa nzuri ya kuwaonyesha. Kazi kubwa zitangazwe wazi, Texas sheria inataka hivo kwa mikataba inayozidi dola 50,000, nyie mnaweza kuanzia chini zaidi. Na mwenye nyumba yeyote akiomba kuona vitabu aonyeshwe, sheria ya Texas inawapa siku 10 za kazi kumjibu.

Kuhusu muda, anzeni siku 60 kabla ya mkutano mkuu. Wiki mbili za fomu na saini, wiki mbili za ripoti, zinazobaki acheni kwa mtu ambaye ripoti yake imekosewa apate nafasi ya kuisahihisha kabla kura hazijachapishwa. Yule mzee wetu barua ya kufutiwa ilifika siku nne kabla ya mkutano. Leo ndo mmoja wa wale wawili wanaopokea taarifa ya benki, na kila tarehe 5 ya mwezi ananipigia kuniuliza kama na mimi nimeshaisoma.